Nitajuaje kama hukumu niliyoisoma bado ni sheria?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa pili. Somo la jinai nalipenda sana ila linanichosha, kwa sababu kila nikigeuka kuna sheria mpya au hukumu mpya. Niko kwenye makundi manne ya WhatsApp ya wanasheria, nafuatilia kurasa kibao, na bado napitwa. Mwezi uliopita kwenye semina nilinukuu hukumu kwa kujiamini, mwenzangu akanyoosha mkono akasema ilishatenguliwa. Niliona aibu sana. Wenzangu wengine siku hizi wanauliza programu za akili mnemba na kupata majibu papo hapo. Nifanyeje ili niende na wakati? Na je, ninunue toleo jipya la kitabu kila mwaka?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na sehemu iliyonigusa zaidi ni hiyo ya semina. Nimewahi kusimama mahali hapo, tena mbele ya jaji. Nilikuwa wakili wa miaka miwili hivi, natetea rufaa ya adhabu ya kijana aliyekuwa gerezani. Nilisoma kifungu kutoka kwenye kitabu changu cha jalada gumu, kitabu nilichokinunua nikiwa chuo na kukipigia mistari ya rangi karibu kila ukurasa. Wakili wa Serikali akainuka taratibu, akamkabidhi karani karatasi mbili za Gazeti la Serikali ampelekee jaji. Kifungu changu kilikuwa kimerekebishwa miezi kumi na mmoja kabla ya kosa kutendeka. Jaji aliniuliza jambo moja tu: "Wakili, unatusomea toleo la mwaka gani?" Mteja wangu alikuwa nyuma yangu, ameshika ukingo wa kizimba. Hakuelewa maneno, lakini uso wangu aliuona.

Kwa hiyo aibu yako naielewa, na nashukuru imekupata ukiwa bado darasani, ambako hakuna mtu aliyekaa kizimbani akikutegemea.

Ninavyoona, habari unazo nyingi kuliko unavyoweza kuzitumia. Makundi manne, kurasa kibao, na kila moja inakuletea tukio: hukumu imetoka, muswada umepita, jaji amesema. Tukio halina kumbukumbu. Likishapita, linalofuata halikuambii kwamba limelifuta lile la jana. Kifungu cha sheria ndicho chenye kumbukumbu, na ndicho ninachotaka ukifuatilie: kilianza lini, kilisomekaje, nani alikirekebisha, mahakama ipi ilikitafsiri, ipi ikabadilisha tafsiri hiyo. Ukishika kifungu, hukumu mpya inakuja kukaa mahali palipokwisha kuandaliwa. Ukishika habari, kila asubuhi unaanza upya.

Hukuniambia unasoma nchi gani, nami sitakisia. Mifano yangu nitaichukua Kenya, Tanzania, India na Uingereza. Mifumo yao ya jinai ina undugu, na mitego inayowanasa wanafunzi ni ileile.

Tuanze na kesi ya Muruatetu ya Kenya, kwa sababu sijaona mfano ulio bora zaidi wa namna hukumu moja inavyoweza kumpoteza mtu aliyeisoma vizuri kabisa. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kilikiuka Katiba kwa kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kila aliyetiwa hatiani kwa mauaji, bila kumwachia nafasi ya kupima mazingira ya mtu mmoja mmoja. Adhabu ya kifo yenyewe haikufutwa. Kilichoondolewa ni ule ulazima. Tofauti hiyo ni kubwa, na hadi leo nakutana na watu wanaoeleza kwamba siku ile Kenya ilifuta adhabu ya kifo.

Kilichofuata ndicho ninachotaka ukione. Hoja ya Muruatetu ilianza kusafiri. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Kittiny, iliipeleka kwenye wizi wa mabavu, kosa ambalo nalo lina adhabu ya kifo. Wafungwa wa makosa mengine, yakiwemo ya kingono, wakarudi mahakamani kuomba adhabu zao zitazamwe upya, na wapo waliopunguziwa. Mwanafunzi aliyemaliza chuo wakati huo angeweza kuondoka akiamini kwamba enzi ya adhabu za lazima imepita. Kisha tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ileile ikatoa maelekezo: uamuzi wa 2017 ulihusu mauaji chini ya kifungu cha 204, basi. Anayetaka kupinga adhabu ya lazima ya kosa lingine afungue shauri la kosa hilo Mahakama Kuu, lipande ngazi kwa ngazi.

Ungedhani hapo mjadala umefungwa. Haukufungwa. Kuna majaji walioendelea kushusha adhabu za chini zilizowekwa na Bunge, kwa hoja kwamba zinawanyima uhuru wa kupima. Kesi moja ilihusu unajisi wa mtoto, na mshtakiwa alikuwa amefungwa miaka 20 chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Mahakama ya Rufaa ikashusha hadi miaka 15. Tarehe 12 Julai 2024, katika kesi ya Mwangi, Mahakama ya Juu ikairudisha miaka 20 na kueleza kwamba kiwango cha chini kilichowekwa na Bunge hakiwekwi kando namna hiyo, pasipo shauri lililofunguliwa mahususi kupinga kifungu chenyewe.

Sasa jiulize: ukurasa wako wa daftari ungekuwa na kichwa gani? Ukiandika "Muruatetu, 2017", umeandika tukio, na tukio hilo litabaki hivyo milele. Ukiandika "Adhabu za lazima na za chini: jaji ana uhuru gani?", basi 2017, 2018, 2021 na 2024 zote zinaingia kwenye ukurasa mmoja, moja chini ya nyingine, na ukiutazama tu unaona njia ilikotoka na ilikofika. Kwenye semina mwenzako hangekuwa na la kukusahihisha, maana wewe mwenyewe ungeanza na hukumu ya zamani na kumalizia na ya mwisho.

Wakati mwingine njia hiyo ni fupi sana. Mei 2020 Mahakama Kuu ya Tanzania ilitamka kwamba kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachozuia dhamana kwa makosa kadhaa, kinakwenda kinyume na Katiba. Tarehe 5 Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Ni chini ya miezi mitatu! Mtu aliyeandika makala ya chuo mwezi Juni akaiwasilisha Septemba bila kurudi kuangalia, aliwasilisha sheria isiyokuwepo. Ndiyo maana hukumu ya mahakama ya ngazi ya kati inayobatilisha kifungu naipokea kwa furaha ya kielimu lakini naiandika kwa penseli. Kitu cha kwanza ninachotafuta ni kama upande ulioshindwa umewasilisha kusudio la kukata rufaa. Mara nyingi Serikali ikishindwa katika shauri la namna hii, hukata.

Tugeukie sheria zinazotungwa na Bunge, maana huko wanafunzi hujikwaa zaidi kuliko wanavyojua. Wengi hudhani sheria ikipitishwa ni sheria. Kuna muswada, kuna kupitishwa, kuna saini ya mkuu wa nchi, kuna kuchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, na kuna tarehe ya kuanza kutumika. Hiyo ya mwisho ndiyo inayomfunga au kumwachia mtu, na mara nyingi ndiyo ambayo habari haziitaji.

India imetupa somo zima hapa. Desemba 2023 ilipitisha sheria tatu mpya za jinai kwa mkupuo: Bharatiya Nyaya Sanhita kuchukua nafasi ya Kanuni ya Adhabu ya 1860, nyingine kuchukua nafasi ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1973, na ya tatu kuchukua nafasi ya Sheria ya Ushahidi ya 1872. Zilianza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Kanuni ya zamani ilikuwa na vifungu 511, mpya ina 358. Namba zote walizokariri mawakili, polisi na mahakimu kizazi baada ya kizazi zikahama. Mauaji yaliyokuwa kifungu cha 302 sasa yako kwenye 103. Na namba 302 haikubaki tupu: katika sheria mpya kifungu cha 302 kinahusu kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini za mtu. Fikiria hati ya mashtaka yenye namba 302 bila jina la sheria. Ni mauaji au ni maneno? Jibu liko kwenye tarehe. Tangu hapo nimekuwa mkali kwa wanafunzi wangu kuhusu kitu kimoja: usiandike namba ya kifungu peke yake. Andika namba, jina la sheria, na toleo au mwaka.

Kuna jambo lingine katika mfano huohuo linalonivutia zaidi. Sheria hiyo mpya ina kifungu cha 106(2), kinachotoa adhabu ya hadi miaka kumi kwa dereva anayesababisha kifo kwa uzembe kisha akakimbia bila kutoa taarifa. Januari 2024 madereva wa malori waligoma kukipinga. Serikali ilipotangaza kwamba sheria itaanza Julai 1, ikakiacha kijifungu hicho nje. Kwa hiyo ukifungua sheria ile ilivyopitishwa unakikuta, kimeandikwa vizuri kabisa, lakini tarehe 1 Julai 2024 wenzake walipoanza kazi chenyewe hakikuanza. Huwezi kulijua hilo kwa kusoma sheria peke yake. Unalijua kwa kusoma tangazo la kuanza kutumika.

Nawe jiwekee desturi hiyo. Ukisikia sheria mpya ya jinai, kabla hujasoma kosa lolote jipya ndani yake, nenda ukurasa wa mwanzo kwenye kifungu cha kuanza kutumika. Kama kinasema itaanza tarehe atakayoitangaza waziri, tafuta tangazo. Halafu ruka hadi mwisho kabisa, kwenye masharti ya mpito na ya kufuta sheria za zamani. Wanafunzi huyaona masharti hayo kama mabaki. Mimi huyaona kama moyo wa sheria, maana ndiyo yanayojibu swali ambalo mtihani hulipenda: kosa lilitendeka tarehe 30 Juni, sheria mpya ikaanza Julai 1, mtuhumiwa akakamatwa Julai 10. Anashtakiwa chini ya ipi?

Kwa kosa lenyewe na adhabu yake, jibu ni sheria iliyokuwepo siku kosa lilipotendeka. Huo si utaratibu wa nchi moja. Umo katika Ibara ya 11 ya Tamko la Haki za Binadamu la 1948, umo katika Ibara ya 15 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, umo katika Katiba ya Tanzania, Ibara ya 13(6)(c), na katika ya Kenya, Ibara ya 50(2)(n). Mkataba wa 1966 unaongeza kwamba sheria ya baadaye ikipunguza adhabu, mkosaji anafaidika na nafuu hiyo, na Katiba ya Kenya nayo ina ulinzi wa aina hiyo. Kwa upande wa utaratibu, yaani jinsi ya kupeleleza na kuendesha kesi, mara nyingi ni sheria mpya ndiyo inayotumika, isipokuwa kwa mambo ambayo tayari yalikuwa yameanza. Ndiyo maana India mtu mmoja anaweza kushtakiwa kwa kosa la sheria ya zamani huku kesi yake ikiendeshwa kwa utaratibu wa sheria mpya. Mtu asiyetenganisha kosa na utaratibu hapo atachanganyikiwa, na ni haki yake.

Kuna mlango mmoja wa nyuma ambao marekebisho mengi hupitia: sheria za marekebisho ya sheria mbalimbali. Sheria moja, jina lake halisemi chochote, ndani yake inagusa sheria kumi au zaidi, na katikati kuna vifungu vichache vinavyobadilisha jinai kwa kiasi kikubwa. Tanzania ilileta makubaliano ya kukiri kosa, kati ya mshtakiwa na mwendesha mashtaka, kwa njia hiyo mwaka 2019, kwa kuingiza vifungu vipya kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Ukifuatilia sheria zenye neno "jinai" kwenye jina, hizi zitakupita zote. Fungua kila sheria ya marekebisho mbalimbali inapotoka, pitisha macho kwenye orodha ya sheria zinazoguswa, tafuta kanuni ya adhabu, mwenendo wa jinai, ushahidi, dawa za kulevya, utakatishaji fedha na makosa ya mtandao. Ni kazi ya dakika tano.

Sasa hukumu. Uliponiambia ulinukuu hukumu kwa kujiamini, nilijiuliza: aliisoma, au alisoma muhtasari wake? Sikulaumu. Lakini muhtasari hukupa matokeo na kukuficha uzito, na uzito ndio unaoamua kama hukumu hiyo inamfunga jaji mwingine. Uingereza kuna mfano ninaoufundisha kila mwaka. Kwa miaka 35 kipimo cha kutokuwa mwaminifu katika makosa ya wizi na udanganyifu kilikuwa kile cha kesi ya Ghosh ya 1982, chenye hatua mbili: je, watu wa kawaida waaminifu wangekiona kitendo hicho si cha uaminifu, na je, mshtakiwa mwenyewe alijua kwamba wangekiona hivyo? Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya huko ilisikiliza kesi ya mcheza kamari maarufu, Phil Ivey, aliyekuwa akidai kasino imlipe ushindi wa takriban pauni milioni 7.7. Kasino ilikataa kwa sababu alikuwa ametumia dosari ndogo za michoro nyuma ya karata kuzitambua. Mahakama ikasema alidanganya mchezo, hivyo halipwi. Kisha ikaenda mbali: ikasema hatua ya pili ya Ghosh haikuwa sahihi na isitumike tena.

Habari zilisambaa kwamba Ghosh imekufa. Lakini angalia vizuri. Ilikuwa kesi ya madai. Hakuna aliyeshtakiwa kwa jinai. Maneno kuhusu Ghosh hayakuwa ya lazima ili kuamua nani alipwe nini. Yalikuwa maneno ya pembeni ya hukumu, si kiini chake. Kwa kanuni za kawaida za kufuata maamuzi, Mahakama ya Rufaa katika kesi ya jinai ilikuwa bado imefungwa na Ghosh. Kwa zaidi ya miaka miwili wanafunzi wazuri waliweza kuandika insha nzima juu ya swali hilo, na aliyeandika tu "Ghosh ilifutwa 2017" alikosa alama alizostahili kuzipata. Aprili 2020, katika kesi ya Barton na Booth, Mahakama ya Rufaa ilikaa na majaji watano na kusema kwamba kwa kuwa Mahakama ya Juu ilielekeza waziwazi, kipimo cha Ivey ndicho sheria katika jinai pia. Kuanzia hapo ndipo unaweza kusema bila wasiwasi.

Ukisoma hukumu, basi, anza mwishoni, kwenye amri zilizotolewa. Nani kashinda, amepata nini hasa? Kisha rudi kwenye hoja zilizobishaniwa. Baada ya hapo ndipo usome sababu, ukijiuliza kwa kila aya: hii wangeiondoa, matokeo yangebadilika? Kama hayabadiliki, iandike kando kama maneno ya pembeni. Hesabu majaji. Angalia kama kuna aliyepinga, usome sababu zake, kwa kuwa hoja ya mpinzani wa leo mara nyingine ndiyo hukumu ya miaka kumi ijayo. Kisha tazama ni kesi zipi zilizofuatwa, zipi zilitofautishwa na zipi zilikataliwa. Hukumu ndefu ya kwanza itakuchukua jioni nzima. Ya ishirini utaimaliza kwa saa moja.

Na usidhani kwamba hukumu mpya inafungua milango ya gereza yenyewe. Februari 2016, katika kesi ya Jogee, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikiri kwamba sheria kuhusu washiriki wa kosa la pamoja ilikuwa imepotea njia tangu uamuzi wa 1984 wa Baraza la Faragha (Privy Council), mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza, katika kesi iliyotoka Hong Kong. Ndugu wa wafungwa wengi walishangilia. Baadaye mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ikasema kwamba waliochelewa kukata rufaa hawatasikilizwa kwa sababu tu sheria imebadilika. Lazima waonyeshe kwamba wametendewa udhalimu mkubwa. Swali la "je, inawahusu waliokwisha hukumiwa?" liwe na mstari wake kwenye daftari lako, chini ya kila hukumu kubwa.

Daftari lenyewe lisiwe la kupendeza. Mimi natumia lahajedwali, wanafunzi wangu wengine wana madaftari ya kawaida ya mistari. Kila kosa mnalosoma lina ukurasa wake. Juu unaandika maneno ya kifungu kama yalivyo leo, pamoja na tarehe uliyoyanakili na ulikoyanakili. Chini yake vipengele vya kosa ambavyo upande wa mashtaka lazima uvithibitishe. Kisha marekebisho kwa tarehe, kisha hukumu kwa tarehe, kila moja kwa mistari mitatu: ilisema nini, mahakama gani, hali yake sasa. Mstari wa mwisho wa ukurasa ni tarehe uliyoukagua mara ya mwisho. Huo mdogo ndio unaokuokoa. Ukifungua ukurasa ukakuta ulikaguliwa miezi minane iliyopita, unajua kwamba huna ruhusa ya kuunukuu kabla hujatafuta upya.

Usianze na makosa yote. Chagua sita, yale ambayo mhadhiri wako anayapenda na mahakama zinayasikiliza kila siku: mauaji, kuua bila kukusudia, wizi, unyang'anyi, makosa ya kingono, udanganyifu. Ongeza ukurasa mmoja wa dhamana na mmoja wa adhabu. Tenga saa moja kwa wiki, siku ileile. Dakika kumi kwenye Gazeti la Serikali na orodha ya miswada. Dakika arobaini kwenye hukumu moja tu, moja, ya mahakama ya juu kabisa au ya rufaa. Zilizobaki ni za kuingiza kwenye daftari. Hukumu utazipata bure: Kenya Law, TanzLII na ULII kwa Afrika Mashariki, SAFLII kwa kusini, BAILII na Find Case Law kwa Uingereza. Tovuti ya sheria ya Serikali ya Uingereza, legislation.gov.uk, inakuwezesha kwa sheria nyingi kuona kifungu kilivyosomeka tarehe unayoitaka, na ningetamani kila nchi iwe nayo. Ukishapata hukumu, ingiza jina lake kwenye kisanduku cha kutafuta cha tovuti hiyohiyo, upange matokeo kuanzia mapya, usome hukumu tatu za juu zinazoitaja. Ungefanya hivyo usiku kabla ya semina, mwenzako angekaa kimya.

Makundi ya WhatsApp usiyaache, lakini yageuze kazi. Tafuta wenzako watano, kila mmoja achukue makosa yake, na mkutane kila baada ya wiki mbili. Sharti moja: hakuna kutuma habari bila kutuma hukumu yenyewe na namba ya aya.

Kuhusu akili mnemba nitakuwa mkweli. Inaweza kukusaidia kueleza neno gumu au kukupa maswali ya kujipima. Kukuambia kama hukumu bado ni sheria, hapana, usiiamini. Mwaka 2023 huko New York, katika kesi ya Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca, mawakili waliwasilisha mahakamani hoja zenye kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Majina ya kesi yalikuwepo, nukuu zilikuwepo, na hazikuwahi kuamuliwa na mtu yeyote. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba mmoja wao aliiuliza programu hiyohiyo kama moja ya kesi hizo ni ya kweli, ikamjibu ndiyo. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000. Ukipewa jina la kesi na programu, usiliandike popote mpaka uione hukumu kwa macho yako kwenye chanzo rasmi.

Ukifika mtihani, muulize mhadhiri wako mapema tarehe ya mwisho ya sheria atakayoipima, na uiandike mbele ya daftari. Hukumu ikitoka baada ya tarehe hiyo, itaje kwa sentensi moja uonyeshe unaijua, kisha ujibu kwa sheria uliyoulizwa.

Na kitabu? Kila mwaka, hapana. Kitabu cha misingi kinunue mara moja, kizuri, na ukitumie kuelewa kwa nini sheria iko hivyo. Nia ya kutenda kosa na kujihami hazizeeki haraka. Maneno ya kifungu yatoe kwenye chanzo rasmi kila mara. Nunua toleo jipya pale tu sheria kuu yenyewe inapobadilishwa yote, kama ilivyokuwa India 2024, au mwandishi anapoandika upya sura unazozitegemea. Cha zamani usikitupe. Utapata mteja ambaye kosa lake lilitendeka miaka tisa iliyopita, na kifungu utakachokihitaji siku hiyo kitakuwa humo. Kitabu changu chenye mistari ya rangi bado kiko rafuni. Kwenye ukurasa wa kifungu kile nilibandika nakala ya zile karatasi mbili za Gazeti, na tarehe.

Ile hukumu ya semina, usiku wa leo ifungulie ukurasa. Andika ilichosema, andika iliyoitengua na sababu zake, halafu nitumie swali ambalo hizo mbili zimeliacha bila jibu.